Mama, Ile Haikuwa Damu Mbaya

Mama yangu uliyelala Mkongo,

Mwenyezi Mungu akurehemu, akupanulie kaburi lako, akusamehe ulipokosea. Nimeanza na dua kwa sababu ndivyo ulivyonilea. Kwako marehemu hatajwi kavukavu. Sasa dua imeshatoka, kwa hiyo nisikilize. Nina hasira na wewe, mama. Ninayo tangu tulipokuzika, huu mwaka wa pili, na wateja wangu hapa Kibiti wakiniona nimenyamaza mbele ya cherehani hunipa pole wakidhani ni majonzi. Majonzi ninayo pia, sikatai. Ila majonzi hayanifanyi nikate uzi kwa meno mpaka fizi zitoke damu.

Somoe anaumwa. Kitindamimba wako ana kivimbe kwenye ziwa, upande uleule wa kwako. Kimepimwa, ni saratani, na daktari amesema bado ni kidogo, kikitolewa sasa ana nafasi nzuri ya kupona. Somoe alikataa. Alisema wewe uliusia watoto wako wa kike wasikatwe, na yeye si mtu wa kuvunja wasia wa mama yake. Aliyasema hayo akinitazama usoni, mikono kiunoni, sauti yako tupu. Nilitaka kumzaba kibao.

Basi nikaona nikuandikie wewe. Yeye si wa kugombana naye. Wa kugombana naye ni wewe.

Unalikumbuka gauni la Idi, lile la kijani? Ulikuja kwangu kupimwa, ukasimama mlangoni kwenye mwanga, nikakuzungushia futi kifuani. Mimi ni fundi, mama. Najua kila mwanamke ana upande mmoja uliozidi kidogo. Wa kwako haukuzidi kidogo. Nikashusha futi, nikapima upya, ukanisukuma mkono.

"Pima gauni, usinipime miye."

Nikacheka. Nilicheka, na hicho kicheko nacho nina hasira nacho. Kisha nikakata kitambaa nikiachia nafasi ya ziada upande wa kushoto, nikatia na mkunjo wa kuvunga, mshono safi kabisa, mpaka shoga zako wakalisifu gauni siku ya Idi. Nilikuficha kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikajiona nimefanya ufundi.

Wewe nawe ulikuwa fundi kwa namna yako. Mkongo nzima ilijua kuwa mama Siwema ni mpiga chuku. Mtu alikuja na mgongo wake au goti lake, ukamchanja chale ndogo kwa wembe, ukabandika ile pembe yako ya ng'ombe iliyotobolewa nchani, ukavuta hewa kwa mdomo, ukaziba tundu kwa nta, na damu ikajikusanya ndani. Nilikuwa na miaka kumi nilipoanza kukushikia nta. Ukimwaga damu ile iliyoganda unamwonyesha mwenyewe: "Tazama, hii ndiyo iliyokuwa inakusumbua." Naye anaitazama, anashusha pumzi, anaondoka akitembea vizuri. Siku hizi hapa Kibiti wanafanya kwa vikombe vya plastiki, wanaita hijama, wanavaa na glavu. Kwa mgongo wa mwendesha bodaboda sina ugomvi na chuku. Ugomvi wangu ni kwamba ulikuwa na jibu moja tu kwa kila swali, na jibu lenyewe lilikuwa damu mbaya.

Mwaka ule mpunga ulikubali. Ulikuwa umehamia bondeni, juu ya dungu, kile kibanda chetu cha miti kilichoinuliwa juu ya miguu mirefu, unaamia ndege, unawafukuza wasile mpunga, tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Kwetu ndege wakishaingia hakuna anayeondoka bondeni. Hata aliyefiwa anakwenda kuzika na kurudi. Nilikuja kukusaidia siku tatu, na Somoe alikuwa hapo chini anapiga debe na kuwatukana ndege kama kawaida yake. Ukaniita juu. Ukashusha khanga.

Sitaki kuandika yote niliyoyaona. Niseme mishipa tu. Ngozi ya ziwa ilikuwa imekaza, inang'aa, na mishipa imesimama juu yake, ya buluu, mingi, inajipindapinda kutoka begani na kwapani, yote ikielekea mahali pamoja.

"Unaona?" ukaniambia, tena kwa sauti ya ushindi, kama mwalimu aliyepata mfano mzuri wa ubaoni. "Damu imevilia hapa. Inatafuta pa kutokea. Nipige chuku."

"Mama, twende hospitali."

"Hospitali watanikata. Na ndege je? Ataamia nani, baba yenu aliye kaburini? Nipige, Siwema, mikono yangu haifiki vizuri."

Nikakupiga. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye duka langu, mwenye simu mfukoni, na nikachukua wembe nikamchanja mama yangu kwenye ziwa lenye saratani, kwa sababu nilizoea kufanya unachosema. Damu ilikuja nyingi, nyekundu, haikuganda kama ile ya migongo ya watu. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Wewe ukafurahi, ukamwita Somoe apande aone ilivyotoka, ukamwambia umepata nafuu. Somoe akakuamini. Kwa nini asikuamini? Ulikuwa unatabasamu.

Nilikupiga mara ya pili baada ya wiki mbili, na mara ya tatu. Kila nikitaja hospitali ukasema tukishavuna. Tukavuna. Ukasema tukishapura. Tukapura. Tukakusanya magunia, ukakohoa mbele yake, na kikohozi kile ndicho kilichokupeleka Dar es Salaam, si maneno yangu.

Daktari aliyekupokea alikuwa binti mdogo wa umri wa Somoe, ukamkebehi kwa macho tangu mlangoni. Wewe ulipopelekwa kupigwa picha ya kifua, mimi nilibaki naye nikamuuliza kuhusu ile mishipa. Nikamweleza na chuku, zote tatu, sikuficha. Hakunigombeza. Alichukua karatasi akaigeuza nyuma, akachora.

Akaniambia kivimbe cha saratani kikianza kinakuwa kidogo kuliko punje ya mchele, na hakina mshipa wake. Kinaishi kwa kudokoa chakula na hewa kwa majirani, na kwa kudokoa hakiwezi kukua. Kinaweza kukaa hivyo muda mrefu bila mtu kujua. Halafu kinaanza kuita. Kinatoa kemikali zinazofika kwenye mishipa ya damu iliyo karibu, na wito wenyewe ni uleule unaotolewa na mwili wako ukijikata na kisu jikoni: hapa pana shida, leteni damu. Mishipa haichunguzi nani ameita. Inachipua. Inaota matawi mapya kuelekea kwenye kivimbe, matawi ya ovyo, akasema, yaliyopinda, yanayovuja, lakini yanatosha. Kikishapata damu yake chenyewe, kinanenepa. Na katika njia hiyohiyo iliyoleta chakula, chembe zake zinatoka na kusafiri kwenda kwenye mapafu, kwenye ini, kwenye mifupa.

"Na ile ya buluu niliyoiona juu?" nikamuuliza.

"Ile ni mishipa ya kawaida ya ngozi, imetanuka kwa wingi wa damu inayopita. Hiyo mipya yenyewe huwezi kuiona kwa macho, dada. Ila ukiona ya juu imefika hivyo, jua chini kazi imefanyika siku nyingi."

Kwa hiyo damu yako haikuwa imevilia, mama. Haikuwa imesimama hata dakika moja. Ilikuwa mbioni, inampelekea chakula mgeni aliyeingia nyumbani bila hodi na kuanza kuagiza chai. Sisi tulikaa juu ya dungu tunachota kikombe kimoja cha damu hiyo, tunakitazama, tunapongezana.

Nikamuuliza swali ambalo mpaka leo linanichoma. Kama jeraha nalo linaita mishipa, je, chale zangu zilikisaidia? Akanijibu, "Hilo sina ushahidi nalo, siwezi kukwambia ndiyo wala hapana. Ninachokijua ni miezi mliyoipoteza." Afadhali angenitukana.

Nikauliza kama hakuna dawa ya kuizuia hiyo mishipa isiote, kikose chakula kife. Akasema zipo, zimetengenezwa kwa kazi hiyohiyo, na kwenye baadhi ya saratani zinasaidia. Kwa ya ziwa watu walizitegemea sana, zikasaidia kidogo kuliko walivyotarajia, kwa sababu kivimbe kikizibiwa njia moja kinachimba nyingine. Ndiyo maana wao wanataka wakikute mapema, kabla hakijajijengea. Akaniambia pia, nadhani alitaka kunifariji, kwamba mishipa kuota si ubaya peke yake. Ndivyo kidonda kinavyopona, na ndivyo kondo la nyuma linavyopata damu mtoto akiwa tumboni. Ndivyo mimi na Somoe tulivyolishwa. Hakunifariji hata chembe. Nilitoka kwenye korido nikaegemea ukuta, nikafikiri, mwili wa mama yangu haukujua kumnyima mtu. Ulimpa kila aliyeomba, hata huyu.

Nilikueleza yote hayo jioni ile kwa maneno rahisi. Unakumbuka ulivyojibu? "Huyo binti ameolewa?"

Walikuwa wameshaona mapafuni. Wakasema wataanza na dawa za dripu, kisha wataangalia kama kukata kutakusaidia. Ukaenda dripu mbili, nywele zikaanza kutoka, ukasema dawa ndiyo inayokuua, ukataka Mkongo. Nikakurudisha. Hapo sikulaumu sana, mama. Mtu ana haki ya kuchagua pa kulala. Ningekusamehe yote, chuku, ndege, dripu, kama ungekufa na mambo yako mwenyewe ukatuachia ya kwetu.

Lakini ukatuita. Mjomba amekaa kwenye mkeka, Somoe amekushika miguu, mimi natoka kuchota maji ya kukutia udhu, na nikiwa mlangoni na ndoo nikakusikia: "Wanangu wa kike, nawausia. Atakayepatwa na ugonjwa huu asikubali kukatwa. Havijawa jirani yetu walimkata, hakumaliza mwaka. Nataka siku ya kufufuliwa tukutane tukiwa wazima, viungo vyetu vyote." Somoe akalia, akasema nimesikia mama. Mjomba akasema sote tumesikia.

Niliweka ndoo chini.

Havijawa alikaa na kidonda miaka minne kabla ya kwenda kukatwa, mama! Miaka minne, anakifunika kwa majani na khanga, tunakisikia harufu msibani na harusini na tunajifanya hatusikii. Ulijua. Ulikuwa shoga yake. Ukachukua mwaka wa mwisho tu ukautengenezea hadithi, ukatufunga nayo. Na hilo la kukutana wazima, nani alikwambia Mungu aliyetuumba kwa tone atashindwa kumrudishia mtu ziwa lake? Ulikuwa unaogopa. Ungesema naogopa, tungekushika mkono. Wewe ukaifanya hofu yako kuwa amri, ukafa nayo, na sasa hakuna wa kuitengua.

Mwezi uliopita Somoe alikuja Kibiti. Aliingia dukani, akafunga mlango, akaniambia ana kitu kama kokwa ya ubuyu ndani ya ziwa, hakiumi. Kabla sijajibu akafungua mkoba akatoa pembe yako. Sikujua kwamba aliichukua. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa na kipande cha nta.

"Dada, nipige, kabla hakijawa kikubwa kama cha mama."

Jiko la mkaa lilikuwa linawaka, napashia pasi. Nikaichukua pembe nikaitia motoni. Somoe akapiga kelele kama nimemtia yeye. Pembe ikiungua inanuka nywele, mama, na haishi kunuka. Majirani walikuja kuuliza kama tunachoma mtu.

Nikamkokota kwenda kupimwa. Wakamchoma sindano wakachukua kinyama kidogo, tukasubiri majibu, yakaja. Daktari mwingine, mambo yaleyale: ni saratani, ni ndogo, haijaonekana kwingine, tuiwahi. Nikamwambia Somoe nilivyochorewa kwenye karatasi. Nikamwambia hicho cha kwake ndiyo kwanza kinaita damu, tukikitoa sasa tunakitoa kabla hakijajijengea, hiyo ndiyo nafasi ambayo mama hakuipata. Akanisikiliza yote. Akasema, "Nimekuelewa, dada. Lakini miye nilisema nimesikia. Nilimwambia mama nimesikia, akafa na neno langu."

Nikampigia mumewe, yuko deltani anakata boriti za mikoko. Akasema mambo ya mama yenu malizaneni wenyewe. Nikampigia mjomba, akasema wasia ni wasia, Siwema, na akakata simu. Nikaenda kwa ustadhi, akaniambia wazi kwamba wasia wa kumwangamiza mtu hauna nguvu, hakuna anayelazimika kuufuata. Nikakimbia na jibu hilo kwa Somoe kama niliyeokota almasi. Somoe akasema ustadhi anajua dini, lakini ustadhi si mama yake.

Wiki mbili zikapita hivyo. Kila siku nikiamka nafikiria ile mishipa myembamba isiyoonekana, inachipua ndani ya mdogo wangu huku tunabishana na maiti.

Sasa nakuambia nilichofanya.

Mchana ule ulipokata roho nilikuwa na wewe peke yangu. Wanaume wako msikitini, Somoe yuko jikoni. Uliyafumbua macho, ukaniuliza, "Ndege wameondoka?" Nikakwambia wameondoka. Hukusema kingine. Nilikulaza vizuri, nikakufumba macho, nikawaita wengine.

Ijumaa iliyopita nilipanda bodaboda mpaka Mkongo, nikamkuta Somoe anapepeta mchele uani. Nikakaa chini mbele yake. Nikamwambia, "Kuna neno mama aliniachia siku ile, sikukwambia. Alisema: mwambie Somoe nilikosea. Likimpata, akatwe."

Ungo ukamshuka mapajani. "Mama alisema hivyo?"

"Alisema."

"Kwa nini ulikaa nalo siku zote hizi?"

"Niliona aibu kumtangaza kwamba alikosea."

Alinitazama muda mrefu, mama. Ana macho yako, yanachungulia mpaka ndani. Kisha akasema, "Apa."

Nikaapa. Nikasema wallahi, nikasema billahi, nikamaliza yote matatu. Somoe akajifunika uso kwa khanga akalia, akalia kwa furaha, mama, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Akasema, "Alijua nitaogopa. Mama yangu alinifikiria." Nami nikampiga mgongoni nikisema ndiyo, alikufikiria.

Kwa hiyo hiyo ndiyo hasira yangu kubwa. Umenifanya niape uongo kwa jina la Mungu. Nimefunga siku tatu, nimetubu kila swala, na kila nikitubu nafsi inaniambia ikibidi nitaapa tena. Ungenipa neno hilo mwenyewe. Ulikuwa na pumzi ya kuulizia ndege.

Somoe anaingia chumba cha upasuaji Jumanne. Daktari amesema wataona kama kitatoka kivimbe peke yake au ziwa lote, na baadaye huenda kukawa na dawa. Sijui itakuwaje. Hakuna aliyeniahidi kitu. Najua pia kwamba barua ya wazi kama hii husomwa na kila mtu, na Somoe anajua kusoma. Nitaiachia watu waisome baada ya mishono ya Somoe kufunguliwa. Akitaka kunitukana, anitukane akiwa hai.

Mtakutana, mama. Namwomba Mungu iwe ni baada ya miaka mingi, awe kikongwe asiye na jino, amewachosha wajukuu zake. Jambo la kwanza atakalokufanyia, namjua, hata akiwa ameshaisoma barua hii, atakuja na kukuuliza kama kweli ulilisema lile neno. Mimi sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Nilikushikia nta, nikakushonea, nikakuchanja ulipotaka kuchanjwa, nikanyamaza ulipotaka ninyamaze. Atakapokuuliza, usinitazame mimi. Mtazame yeye, umwambie ndiyo, nilisema.

Pumzika. Hasira bado ninayo, lakini pumzika.

Mwanao mkubwa,
Siwema